Tungule zinaoza kabla ya kufika Unguja: nikope ninunue friza?

BARUA

Assalamu alaykum Maalim,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima pamoja na mume wangu huku Pemba, upande wa Wete. Zamani konde letu lilikuwa la muhogo na migomba ya mama mkwe tu. Tulipopata kisima tukaingia kwenye tungule (nyanya), matango, bilingani, pilipili boga na matuta machache ya mchicha. Kulima kwenyewe, alhamdulillahi, hatuna neno. Bibi shamba anatupitia, na tungule zikizaa zinazaa hasa. Kinachotumaliza ni baada ya kuchuma.

Soko la hapa ni dogo. Zikiwiva zinawiva kwa watu wote pamoja, utazitembeza Wete mpaka Konde urudi nazo, mwisho ugaie majirani. Ndiyo tukaanza kuzipeleka Unguja. Mdogo wake mume wangu anakaa Mjini. Anapokea mzigo bandarini Malindi, anaupeleka soko la Mombasa pale pale Unguja, dalali anaunadi.

Utaratibu wetu ni huu. Siku moja kabla ya meli, watoto wakisharudi skuli, tunateremka kondeni kiasi cha saa nane mchana, tunachuma mpaka karibu na magharibi. Tunachagua zilizokwisha kuwa nyekundu, kwa sababu dalali alisema watu wa Mjini wanataka nyekundu. Tunaziweka mafungu mafungu kando ya njia, gari la ng'ombe likija linazichukua zote. Usiku zinalala kwenye chumba cha uani pamoja na matango na mchicha. Chumba kina kufuli, ndimo mama mkwe anamovundika ndizi zake za kuuza. Alfajiri tunazimwagia maji ya kisima zipoe na zing'ae, tunazijaza kwenye matenga, tunashindilia kidogo zisicheze njiani, tunashona juu. Gari mpaka Mkoani, meli, Malindi.

Shemegi hutuma picha. Tungule za juu nzuri. Za katikati zimepasuka. Za chini hata tungule huzioni tena, ni maji na maganda. Mchicha umekuwa manjano, na matango tuliyoyachuma ya kijani kabisa nayo yanaanza kupiga umanjano. Dalali akilipa nusu ya bei tunashukuru. Kuna siku anasema ametupa, basi.

Mume wangu anasema dalali mwizi. Mama mkwe anasema hizi ni tungule za dawa, za zamani hazikuwa zikioza hivi. Shemegi amekuja na la tatu: tukope kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tununue friza kubwa ile ya kulala, tuzijaze humo usiku wa kuamkia safari, ziende zimeshapoa. Anasema amefanya kazi hotelini, ameona kwa macho yake mboga zinakaa wiki nzima kwenye chumba cha baridi. Bei nimeuliza. Sikulala.

Na jingine dogo. Tuna miembe, dodo na boribo. Kila msimu embe zinafika Unguja na michirizi myeusi kwenye ganda, utadhani zimebabuliwa na moto. Ndani hazijaoza, lakini mnunuzi haangalii ndani.

Nikope?

Mama wa Tungule, Wete


JIBU

Waalaykum salaam dada yangu,

Usikope, na friza usinunue. Nalitanguliza hili ili likufikie kabla shemegi hajakwenda dukani.

Friza kazi yake ni kugandisha. Ya kawaida inashuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, na tungule ikishaganda, siku ya kuyeyuka inalegea yote na kuvuja. Labda atasema mtaiweka kwenye kipimo cha chini kabisa ifanye kazi kama friji, nyuzi 4 au 5. Bado haifai. Tungule ni zao la joto. Ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 inaumia kwa ndani, na maumivu yenyewe hujitokeza baadaye, ikishatolewa: haiwivi vizuri, rangi inakuja mabaka mabaka, ganda linaingia vishimo, kisha inaoza haraka kuliko ile ambayo haikuona baridi. Ndizi na embe hazitaki chini ya nyuzi 13. Tango na bilingani, 10. Pilipili boga inastahamili mpaka 7 hivi. Zinazopenda baridi kali, karibu na sifuri, ni karoti, kabeji na saladi, na bila shaka ndizo shemegi alizoziona zikikaa wiki nzima. Ameona kweli, ila hakuona tungule.

Mtasema ni usiku mmoja tu, zitaumia wapi? Basi sikiliza la pili. Friza ya nyumbani haikutengenezwa ipoze mzigo wa matenga ndani ya usiku mmoja. Za pembeni zitashika baridi mno, za katikati zitaamka na joto lake. Halafu asubuhi mnazitoa kwenye hewa ya Pemba iliyojaa unyevu, zinatoka jasho, na mnazishona ndani ya tenga zikiwa zimelowa. Ukungu ulikuwa unasubiri hilo hilo. Baridi inamfaa mtu akiweza kuishikilia kutoka kwake mpaka kwa mnunuzi, na nyinyi baridi yenu itakatika mlangoni.

Sasa kuhusu dalali. Sitasema ni mtu mwema, simjui. Lakini mume wako anaweza kupata jibu bila kugombana na mtu. Mkichuma safari ijayo, chota tungule kikapu kimoja kutoka fungu lile lile linalokwenda Unguja, bila kuchagua. Ziweke ndani ya nyumba, kivulini, safu moja tu, hakuna kushindilia. Siku shemegi anapotuma picha, nenda kaziangalie zako. Zikiwa nazo zimelegea na kuvuja, maradhi yametoka kwenu nyumbani na meli imeyasafirisha tu. Zikiwa nzima, kosa ni la ufungaji na njia. Na kama unashuku mikono ya watu, pima tenga kwa mizani kabla halijaondoka, andika kilo kwenye kipande cha karatasi, shemegi apime tena Malindi. Mboga hupungua uzito kidogo kwa kukauka, na ikivuja itapungua zaidi, lakini tungule nzima haziwezi kuyeyuka nusu tenga njiani.

Mimi nadhani mtamkuta dalali hana hatia kubwa. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipokadiria mwaka 2011 liliweka matunda, mboga na mazao ya mizizi kwenye upotevu wa asilimia 40 hadi 50 kutoka shamba mpaka mezani, kuliko kundi lolote jingine la chakula. Madalali wote wa dunia hawawezi kuiba kiasi hicho.

Barua yako mwenyewe imeeleza karibu kila kitu, na naanza na saa nane mchana. Siku moja ukiwa kondeni wakati huo chuma tungule iliyopigwa na jua, ipasue, tia kidole katikati. Utaona ina joto kupita hewa iliyokuzunguka, pengine kwa nyuzi 10. Tunda likishachumwa halijafa. Linaendelea kupumua na kula akiba yake, na mti haulilishi tena. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kule kula kunakwenda mara mbili au tatu. Nyinyi mnazichuma zikiwa na joto kali kabisa la siku, mnazilundika mafungu kando ya njia, jua linaendelea kuzipiga, kisha mnazifungia chumbani zikiwa bado moto. Zikilundikwa zinazidi kupashana joto, kwa sababu kupumua kwenyewe kunatoa joto. Kufika alfajiri zimeshakula siku nzima ya maisha yao, na safari haijaanza.

Kinachotakiwa ni kuchuma asubuhi. Mchicha uchumwe alfajiri, ukiwa umejaa maji. Tungule, matango na bilingani zisubiri umande ukauke kwanza. Najua asubuhi watoto wako skuli na wewe una jiko na mengineyo. Ikiwa haiwezekani kabisa, basi anzeni saa kumi alasiri badala ya saa nane, na kila ndoo ikijaa iende moja kwa moja chini ya mwembe au banda la makuti. Hata makuti mawili yaliyoegemezwa juu ya fungu yanafanya kazi. Usiku msizifungie. Zitandazeni kwenye kichanja kilichoinuka, chini ya paa, kuta wazi, upepo upite. Hewa ya usiku ni bure. Mwizi akikutieni hofu, zitieni wavu pembeni, kuliko kuzitia kwenye chumba chenye kufuli.

Na chumba hicho ndicho nilichosimama nacho muda mrefu. Ndizi zinazovundikwa hutoa gesi, jina lake ethilini. Hiyo ndiyo inayowivisha, na ndiyo sababu mama mkwe anazifunika na kufunga mlango, gesi isitoke. Ujuzi wake ni sahihi kabisa. Lakini gesi haichagui. Inamkuta mkungu, inakuta tungule zako na kuziharakisha, inakuta mchicha na kuufanya manjano, inakuta tango, ambalo halina la kuwiva tena, na kulizeesha. Ule umanjano wa matango ulionieleza, nakuwekea dhamana ni kazi ya chumba kile zaidi kuliko meli. Tenganisheni leo leo. Ndizi mbivu, embe mbivu, papai bivu na tungule nyekundu zisilale na mchicha, tango, bilingani wala pilipili boga. Hata ndani ya meli, shemegi au mtu wenu wa Mkoani aangalie mzigo wenu haukuwekwa chini ya mikungu ya ndizi au karibu na injini. Mikungu inaumiza kwa uzito na kwa gesi pamoja.

Sasa hili la nyekundu. Dalali amesema watu wa Mjini wanataka nyekundu, na nyinyi mkachuma nyekundu. Yeye anazungumzia rangi ya siku ya kunadi. Nyinyi mnahesabu rangi ya siku ya kuchuma. Kati ya siku hizo kuna usiku wa nyumbani, gari, meli na soko, na tungule haisimami kuwiva kwa sababu imepanda meli. Ya kupeleka Unguja ni ile iliyoanza kugeuka tu: bado ya kijani, lakini chini, upande usio wa kikonyo, imeingia rangi ya waridi kama nafasi ya kidole gumba. Hiyo ganda lake bado gumu, inastahamili kubebwa, na itakuta wekundu njiani au kwa mchuuzi. Isiwekwe tu mahali pa joto kali. Ikipita nyuzi 30 wekundu haukai sawasawa, inabaki ya rangi ya chungwa.

Mwenye tamaa atachuma za kijani kabisa akidhani zitakuja. Zipo zitakazokuja na zipo ambazo hazitakuja, na nje zinafanana. Kata moja katikati kwa kisu kikali. Kisu kikipasua mbegu, ile changa, iache mtini, haitapata ladha hata ikibadilika rangi. Mbegu zikikwepa kisu zikateleza ndani ya ute, imekomaa. Tango, bilingani, pilipili boga na machungwa hayana mchezo huo: ladha uliyochuma nayo ndiyo hiyo hiyo, hayaongezi kitu yakiwa kapuni.

Zile nyekundu ziuzeni Wete siku ile ile, au Konde, au Chake. Najua umesema soko ni dogo. Lakini sasa mtapeleka sokoni fungu dogo la nyekundu nzuri badala ya mavuno yote, na mengine yatakuwa yanawivia Unguja.

Maji ya alfajiri yaacheni. Mchicha unafaidika na kunyunyiziwa, hata kusimamishwa mizizi majini. Jani linakauka upesi, likipoteza maji kidogo tu limeshanyauka na halinunuliki. Tungule ina ganda, haihitaji. Kibaya zaidi ni hiki: tungule yenye joto ukiitia kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani yake inasinyaa na kunyonya maji kupitia pale kilipokuwa kikonyo. Yakiingia, yanaingia na vijidudu vyote vilivyokuwa kwenye ndoo. Angalia zile zilizoanza kuharibika kwenye picha za shemegi: nyingi utaziona zimeanza kuoza kwenye duara la kikonyo. Nyuzi nyeupe laini zinazotoka kwenye moja na kushika ya jirani ni ukungu, na maji ya harufu ni bakteria. Wote wanapenda jeraha na unyevu. Tungule zifutwe kwa kitambaa kikavu, inatosha.

Ikibidi kuosha, kwa mfano pilipili boga au matango yaliyorukiwa na tope wakati wa masika, yasiwe maji matupu yanayozunguka na uchafu. Nunua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, soma asilimia ya klorini kwenye chupa. Ikiwa ni 3.5, tia mililita 60, ambazo ni vijiko vinne vya mezani, kwenye ndoo ya lita 20. Chovya dakika moja au mbili, suuza kwa maji safi, anika kivulini mpaka yakauke ndipo ufunge. Maji yakichafuka mwaga, tope linaimaliza klorini. Na dawa hiyo usiichanganye na siki, ndimu wala sabuni nyingine, inatoa hewa ya sumu.

Tenga nalo. Sina ugomvi na tenga kwa viazi au nazi. Kwa tungule, kina chake ni kirefu mno: za chini zinabeba uzito wa zote, fito zinazichoma, na kule kushindilia zisicheze ndiko kunakozipasua kabla gari halijaondoka. Fedha mliyotaka kuikopea friza, sehemu ndogo sana yake inunue kreti za plastiki, zile zenye matundu pembeni zinazopandana bila kukandamiza kilichomo. Msijaze kupita ukingo. Kreti ya juu ikae juu ya kreti, isikae juu ya tungule. Toeni vikonyo kwenye tungule maana vinachoma za jirani, lakini bilingani na pilipili boga ziacheni na vikonyo vyake. Kucha za wachumaji zikatwe. Shida ya kreti moja tu, nayo si ndogo: haina tabia ya kurudi. Zipigeni rangi mnayoijua, andikeni namba, na shemegi ndiye awe na dhamana ya kuzirudisha tupu kwa meli inayofuata. Awe anawahesabia. Yeye ndiye aliyetaka mtumie fedha, basi na alinde kitu.

Halafu chagueni nyumbani. Kreti moja ya nzuri tupu na nyingine ya za wastani zitanadiwa kwa bei mbili. Mkizichanganya, dalali atatia mkono chini, atatoa ile mbaya kuliko zote, ataiinua mbele ya watu, na bei itakuwa ya hiyo.

Kama bado mna hamu ya kujenga kitu cha kupoza, kipo kisichotaka umeme. Wahindi walikibuni huko New Delhi miaka ya 1980: kibanda kifupi cha matofali kuta mbili, katikati nafasi ya sentimita saba na nusu iliyojaa mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kifuniko cha makuti au jamvi na paa la kivuli. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Ila mjue kitu ambacho watu wengi wanaokisifia hawasemi: kinafanya maajabu kwenye nchi kavu, huko joto hushuka kwa nyuzi 10 na zaidi. Pemba hewa yetu imeshajaa maji, hayakauki kwa kasi, kwa hiyo msitegemee ajabu hiyo. Kabla ya kununua tofali hata moja, pimeni. Chukua kipimajoto cha kawaida, soma joto kivulini, kisha kifunge ncha kwa kitambaa chembamba kilicholowa, kipepee kwa ungo dakika tano, soma tena. Namba hiyo ya pili ndiyo baridi ya mwisho ambayo kibanda kinaweza kuifikia siku hiyo, hakitashuka chini yake. Pima wakati wa kaskazi mchana, pima na wakati wa masika. Ukiona tofauti ni nyuzi mbili tatu, joto halitakufaidisha sana, lakini unyevu wa mle ndani bado utausaidia mchicha, bilingani na pilipili boga zisinyauke. Kwa tungule, kichanja chenye upepo kinatosha.

Mama mkwe umwambie kwa adabu kwamba mbegu nyingi za sasa zina ganda gumu kuliko zile za zamani, na zinasafiri vizuri zaidi. Za zamani hazikuoza njiani kwa sababu hazikwenda safari. Zililiwa pale pale. Lakini ana haki kwa upande mmoja. Mkizidisha mbolea ya urea, na mkimwagilia maji mengi siku za karibu na kuchuma, tungule inavimba, inapasuka, nyama yake laini. Punguzeni maji siku mbili tatu kabla. Na kama mnapiga dawa ya wadudu, kibandiko cha chupa kinasema mngoje siku ngapi ndipo mchume. Msipige leo mkachuma kesho kwa ajili ya meli.

Embe. Ile michirizi ni utomvu. Ukivunja kikonyo karibu na tunda, utomvu unaruka na kutiririka kwenye ganda, na unaliunguza kweli. Baada ya siku moja au mbili ndipo weusi unaonekana, ndiyo maana kwenu zinaondoka safi na Unguja zinafika zimeungua. Ziangueni kwa mfuko wa wavu kwenye upondo, tunda lishuke na kikonyo chake, kama urefu wa kidole. Msizitikise zianguke chini. Hapa, kinyume na mchicha, asubuhi sana si wakati mzuri, kwa sababu mti umejaa maji na utomvu una nguvu. Subirini jua lipande. Chini ya mti, kateni kikonyo kibaki kifupi na muda huo huo pindueni embe, kikonyo kitazame chini, zikae juu ya kichanja cha fito ili utomvu udondoke bila kugusa ganda. Nusu saa hivi. Zisikae kwenye udongo. Embe ya kusafirisha iwe na mabega yaliyojaa mpaka kikonyo kinaonekana kama kimezama. Ikiwa mabega yameteremka, bado changa. Na mtu asikuuzieni kabaidi ya kuwivishia, ina mabaki ya sumu. Mama mkwe anajua kuvundika, muulizeni yeye, chumba sasa kitakuwa chake peke yake.